Fimbo na Daftari: Adhabu ya Viboko Shuleni, Kutoka Kasanga Hadi Kasesya

Katika ofisi ya mkuu wa shule yoyote ya serikali, iwe Sumbawanga mjini, Laela, Namanyere au Matai, panatakiwa pawepo daftari moja ambalo wazazi wengi hawajawahi kuliona. Ni daftari la adhabu ya viboko. Kila mwanafunzi anapochapwa linatakiwa kuandikwa jina lake, kosa lake, idadi ya viboko alivyopigwa na jina la mwalimu aliyempiga, kisha mkuu wa shule atie sahihi. Jambo hili halikuachwa kwa hiari ya mkuu wa shule. Limo katika kanuni za adhabu ya viboko zilizotolewa chini ya Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978, na kutangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 294 la mwaka 2002.

Kanuni hizo ni fupi. Mtu anaweza kuzimaliza akiwa anasubiri misa ianze. Zinasema viboko vitolewe kwa makosa makubwa ya nidhamu, au kwa yale yanayoweza kuivunjia shule heshima yake. Visizidi 4 kwa mara moja. Fimbo iwe nyepesi, yenye kupinda, na ipigwe mkononi au matakoni juu ya nguo, si mahali pengine popote. Mwenye mamlaka ya kuchapa ni mkuu wa shule. Mwalimu mwingine anaweza kufanya hivyo pale tu alipokabidhiwa madaraka hayo kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina mwalimu wa kike. Uzito wa kosa, umri, jinsia na afya ya mtoto vitazamwe kwanza. Kanuni za 1979 zilizotangulia zilikuwa zimeruhusu viboko 6.

Aliyesoma katika nchi hii anaweza kupima mwenyewe. Mwalimu wa zamu husimama getini asubuhi na fimbo, na waliochelewa namba hupita mbele yake mmoja mmoja. Darasa zima huchapwa kwa sababu watatu walipiga kelele. Wengine huruka kichura kuzunguka uwanja, au hupiga magoti kwenye changarawe mpaka kengele ilie. Kuchelewa si kosa kubwa, fimbo ya mwalimu wa zamu haikuidhinishwa kwa maandishi, na hakuna anayekwenda ofisini kuandika majina arobaini kwenye daftari. Sheria ipo upande wake na desturi upande wake, na mtoto yuko katikati.

Nimesikia kwenye mikutano ya wazazi, na nje ya kanisa baada ya ibada, sababu mbili zikitajwa kuitetea fimbo. Ya kwanza ni kwamba ndivyo wazee wetu walivyotulea. Ya pili ni kwamba Maandiko yanaamuru. Zote mbili zinastahili kujibiwa kwa heshima, maana wanaozisema wanawapenda watoto wao. Lakini ukiifuata fimbo ya shuleni nyuma hatua kwa hatua, ile inayohesabiwa na kuandikwa, hufiki kwanza kwa babu wala kwa Mfalme Sulemani. Unafika Kasanga.

Kasanga, katika Wilaya ya Kalambo ya leo, ndipo Wajerumani walipojenga kituo chao kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Walikiita Bismarckburg, na kutoka hapo waliitawala Ufipa. Utawala wao ulikuwa na chombo chake, na jina la chombo hicho bado tunalo midomoni. Kiboko ni yule mnyama anayejaa Ziwa Rukwa, na ni mjeledi uliokatwa katika ngozi yake. Sehemu nyingi za nchi watu walikumbuka kwa muda mrefu hesabu ya hamsa ishirini, yaani viboko 25. Hesabu hiyo haikutoka hewani. Tarehe 22 Aprili 1896 Chansela Hohenlohe wa Ujerumani alitoa amri kuhusu adhabu za wenyeji katika makoloni ya Afrika Mashariki, Kamerun na Togo. Amri ilisema viboko visizidi 25 kwa mara moja. Wanawake wasichapwe. Vijana wa chini ya miaka 16 wapigwe kwa fimbo nyembamba badala ya mjeledi. Mzungu awepo wakati wa kuchapa, na daktari pia kama yupo. Na kila adhabu iandikwe kwenye daftari.

Weka amri hiyo kando ya kanuni ya 2002 uzisome pamoja. Kikomo cha idadi, aina ya fimbo, hadhari ya pekee kwa wanawake, hadhari kwa wenye umri mdogo, msimamizi mwenye cheo, daftari. Sidai kwamba aliyeandika kanuni ya 2002 alikuwa na karatasi ya Hohenlohe mezani. Kati yao walikuja Waingereza, ambao shule za kwao zilikuwa na madaftari ya namna hiyo hiyo, nao wakatuachia bakora yao. (Wenyewe waliipiga marufuku katika shule zao za serikali kwa sheria ya 1986.) Ninachosema ni kwamba umbo la kanuni yetu ni la kiofisi tangu mwanzo. Lilibuniwa na watu waliojua kwamba wamempa mtu fimbo na hawamwamini. Idadi huwekwa kwa sababu asiyewekewa idadi atapitiliza, na daftari huwekwa kwa sababu asiyeandika atasahau, au atakana.

Kabla ya Kasanga kulikuwa na nini? Mskoti Joseph Thomson alipopita Ufipa mwaka 1880 alikuta watu wa jembe, na akaona kuwa wamezama katika kilimo kuliko kabila lolote alilokutana nalo njiani. Miaka zaidi ya 80 baadaye mwanaanthropolojia Roy Willis aliishi huku kati ya 1962 na 1964. Jambo moja lilimsumbua hata akaliandikia sura nzima katika kitabu kilichotoka 1989: iweje watu ambao tawala zao mbili, Nkansi na Lyangalile, zilikuwa zimepigana vikali katika karne ya 19, wakawa na sifa ya amani kiasi hicho? Sehemu ya jibu lake iko kwenye maneno. Mfipa alithamini mazungumzo, salamu ndefu, kupiga makofi ya heshima, na kumvuta mtu kwa hoja.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wengi hawalijui. Mtoto wa Kifipa hakulala nyumbani kwa wazazi wake mpaka akaoa au kuolewa. Akifikia umri wa kuanza kujitegemea kidogo alihamia kwa bibi na babu, na baadaye vijana walilala pamoja katika nyumba zao, wavulana kwao na wasichana kwao. Malezi yalikuwa ya wengi. Anayekosea alisikia habari zake kwa bibi, kwa shangazi na kwa wenzake waliomzidi miaka miwili, mpaka aone haya. Sisemi kwamba mzee wa Kifipa hakuwahi kushika fimbo akamchapa mjukuu. Binadamu ni binadamu. Lakini fimbo hiyo ilishikwa na mtu aliyemjua mtoto kwa jina la ukoo wake, aliyekula naye jioni ile ile, na hakukuwa na mstari wa watoto arobaini. Ukimwita huyo babu shahidi wa kutetea viboko vya mstarini, umemsingizia.

Wamisionari wa Afrika walipopokea ngome ya Karema kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885, waliingia katika nchi iliyozoea kuona watoto wakilelewa nje ya nyumba za wazazi. Ndiyo sababu mojawapo ya shule za bweni za misheni kukubalika huku mapema. Wakristo wa kwanza wa Karema walikuwa pamoja na watoto waliokombolewa utumwani. Hata mganga wao, Adrian Atiman, aliyefika 1889 na kuwatibu watu wa ziwa lile mpaka alipofariki 1956, alikuwa ametekwa utotoni karibu na Timbuktu na kuuzwa kabla mapadre hawajamkomboa. Kwa watoto wa namna hiyo mjeledi haukuwa mfano wa mhubiri. Walikuwa wameuona.

Wamisionari walikuja na kengele, ratiba, katekisimu, na pia na mabishano ya Kanisa lenyewe kuhusu kumrudi mtoto, mabishano ya zaidi ya miaka 1,000. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 30 ya Kanuni yake, anaruhusu watoto wa monasteri waadhibiwe kwa kufunga au kwa kuchapwa. Wanaotetea fimbo humkumbuka hapo. Lakini katika sura ya 70 anarudi na kusema kwamba mtawa anayewawakia watoto bila kiasi naye aadhibiwe. Karne ya 11, abate mmoja alimlalamikia Mtakatifu Anselm kwamba wavulana wake wanapigwa usiku na mchana na bado wanazidi kuharibika. Anselm akamuuliza: ukipanda mti bustanini ukaubana pande zote usitanue matawi, baada ya miaka utautoa ukiwaje? Abate alijua jibu. Mti utatoka umepinda na kujisokota, na kosa litakuwa la aliyeubana.

Mtakatifu Yohane Baptista wa La Salle, ambaye mwongozo wake wa shule ulichapwa 1720, aliruhusu adhabu lakini akaizungushia masharti mengi: ziwe chache, zisitolewe kwa hasira. Kisha akaja Don Bosco wa Torino. Katika maandishi yake ya 1877 kuhusu malezi ya kuzuia kosa kabla halijatendeka, alikataa kabisa kumpiga mwanafunzi kwa namna yoyote, kumpigisha magoti kwa kumtesa, au kumvuta masikio. Alisema mambo hayo huwakera vijana na humshushia mlezi heshima yake. Nadhani walimu wetu wa changarawe wangeshangaa kujua kwamba walishaandikiwa miaka 150 iliyopita.

Tuje kwenye Maandiko. Ni kweli Kitabu cha Mithali, sura ya 13 na ya 23, kinamwonya mzazi anayemnyima mwanawe fimbo. Hakuna faida kujifanya mistari hiyo haipo. Lakini Mithali inazungumza na mzazi ndani ya nyumba yake, si na mtumishi wa serikali mbele ya darasa. Tena neno la Kiebrania linalotafsiriwa fimbo hapo ndilo lililomo katika Zaburi ya 23, ambamo fimbo ya Mchungaji inamfariji mtunzi katika bonde la giza. Mtoto wa Ufipa anayechunga ng'ombe anajua kazi ya fimbo ya mchungaji: kuonyesha njia, kumzuia ndama asiingie kwenye mahindi ya mtu, kumfukuza fisi.

Na sehemu ambayo Torati inazungumzia viboko vya mamlaka, vya hakimu, haisemi piga tu. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inaweka kikomo cha viboko 40, na inatoa sababu ambayo sijaiona katika amri ya Hohenlohe wala katika kanuni ya 2002: asije ndugu yako akadharaulika machoni pako. Wayahudi waliogopa kukosea hesabu wakapunguza kimoja. Ndiyo maana Mtume Paulo anawaambia Wakorintho kwamba alipigwa mara tano viboko 39. Torati ilijua kwamba ukimpiga mtu kupita kiasi, wewe uliyempiga utaanza kumwona si mtu. Hofu ya mwandishi wa Torati ilikuwa juu ya macho ya mpigaji.

Kwa haki nitaje pia kwamba Papa Fransisko, katika katekesi ya Februari 2015 kuhusu kina baba, alimsifu baba mmoja aliyesema humchapa mwanawe kidogo bila kumdhalilisha, na wengi ndani ya Kanisa, wakiwemo wanaoshughulikia ulinzi wa watoto, hawakuridhika na maneno hayo. Kanisa halijamaliza mabishano haya. Ila hata aliye upande wa huyo baba hapati hapo ruhusa ya mstari wa asubuhi.

Sheria ya Elimu ya 1969 ilizihamishia serikalini shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku, na mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ikatangazwa. Lilikuwa jambo jema na kubwa. Lakini madarasa yalifurika, na yalifurika tena baada ya ada ya shule za msingi kufutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tena mwaka 2016 ada ilipofutwa hadi kidato cha nne. Mwalimu mwenye wanafunzi mia mbele yake, nusu wamekaa chini, hana nafasi ya kumwita mmoja pembeni na kumuuliza kwa nini hakufanya zoezi. Kuchapa ni kazi ya dakika moja na kunasihi ni kazi ya saa nzima. Mwalimu akikuambia hivyo usimhukumu haraka, maana hizo saa hakuna aliyempa. Anayetaka fimbo iondoke aseme pia nani atakaa na mtoto, na mshahara wake utatoka wapi. Hapa parokia zina la kujibu kuliko wizara, kwa kuwa zina jumuiya ndogo ndogo katika kila mtaa na watu wazima wanaowajua watoto kwa majina.

Uzito wa suala hili umeonekana. Oktoba 2016 picha za video kutoka shule ya sekondari ya kutwa ya Mbeya, kwa jirani zetu, zilionyesha walimu waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo wakimpiga mwanafunzi makofi, ngumi na fimbo ndani ya ofisi. Nchi ikakasirika. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano katika shule ya msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kupigwa kwa tuhuma ya kuiba pochi ya mwalimu. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimhukumu mwalimu mmoja kunyongwa. Lakini mwaka huo huo, mwezi Oktoba, mkuu wa mkoa wa Mbeya alikwenda shule moja ya Chunya na kuwachapa wanafunzi 14 kwa mkono wake mbele ya kamera, kwa tuhuma za simu na kuchoma mabweni. Mkuu wa mkoa hatajwi popote katika kanuni za viboko. Watu wengi walimpigia makofi, na huenda wengine wao ndio waliolia kwa ajili ya Bukoba mwaka mmoja tu nyuma. Tunataka fimbo isiyoua, na kila mara tunadhani iko mkononi mwa yule tunayempenda.

Kanuni za viboko zina pacha wake, Tangazo Na. 295 la mwaka 2002, linalohusu kufukuzwa shule. Linamruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa utovu wa nidhamu uliokithiri, kwa jinai, kwa kosa dhidi ya maadili, au kwa kuoa au kuolewa. Mimba haikutajwa, lakini maneno kuhusu maadili yalitosha, na kwa miaka mingi wasichana wa mkoa wetu waliachia hapo masomo huku waliowapa mimba wakiendelea na yao. Novemba 2021 Waziri wa Elimu alitangaza kwamba wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Sijui adhabu nyingine iliyomwangukia mmoja kwa kosa la wawili kwa muda mrefu hivyo, na kutetewa kwa jina la maadili.

Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakataza adhabu za kikatili na za kudhalilisha, lakini inakubali kumrudi mtoto kwa kiasi, na kanuni za viboko hazikuguswa. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliotolewa 2011, ulikuta kwamba karibu robo tatu ya Watanzania, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Majirani wamechukua njia nyingine. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Uganda ilitoa waraka wa kuvizuia mwaka 2006 na kuliweka jambo hilo katika sheria mwaka 2016. Walimu wa huko hawakukosa kulalamika, na fimbo haikutoweka siku ile ile, ila mzazi anayemtetea mwanawe ana sheria upande wake.

Na Zambia iko karibu zaidi. Sheria yake ya elimu ya 2011 inakataza kumchapa mwanafunzi. Ukitoka Sumbawanga ukashuka kupitia Matai unafika Kasesya, mpakani, na mbele yako ni barabara ya Mbala. Walungu na Wamambwe wako pande zote mbili. Wanaoana, wanazikana, wanasali kwa lugha zile zile. Ndugu wawili wa ukoo mmoja wanaweza kuwa na watoto wa umri mmoja, mmoja akisoma upande huu na mwingine upande ule. Wote wawili wakichelewa shule Jumatatu asubuhi, yule wa Mbala ataulizwa kwa nini amechelewa. Wa Kalambo atanyoosha mkono.